Shajara ya mradi: wiki 26 za kukuza chombo cha habari za mtaa mitandaoni

Chombo kina watu watatu, simu mbili na kompyuta moja. Kinaripoti eneo moja tu, kupitia Facebook, Instagram na WhatsApp. Tovuti ilikuja baadaye. Idadi ya wafuasi haimo humu kwa makusudi, na sababu iko kwenye wiki ya 9.

Wiki ya 1: funguo

Wiki nzima imekwenda kwenye akaunti. Zote zimefunguliwa kwa barua pepe ya chombo, hakuna iliyofunguliwa kwa ya mtu binafsi. Laini iliyosajiliwa WhatsApp ni ya chombo na haitoki ofisini. Kila ukurasa una wasimamizi wawili wenye mamlaka kamili. Wa tatu anaruhusiwa kuchapisha tu. Ukurasa wenye msimamizi mmoja hubaki yatima siku akaunti yake binafsi inapofungiwa, na kuurudisha ni kazi ya wiki kadhaa, pengine usirudi kabisa.

Uthibitisho wa hatua mbili umewashwa kwa programu ya kutoa namba, si kwa SMS. Mwizi akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine, SMS zote zinakuwa zake. WhatsApp imewekewa PIN yake ya tarakimu 6. Namba za akiba, za kuingilia programu hiyo ikikosekana, zimeandikwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini, maana kuzihifadhi kwenye simu ileile ni kama kuufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Ulaghai unaoandama kurasa za habari ni ujumbe huu: ukurasa wako umekiuka hakimiliki, utafungwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa kukata rufaa. Huja kwenye kisanduku cha ujumbe kutoka ukurasa uliojipachika jina la kitengo cha usaidizi. Onyo la kweli huonekana ndani ya mipangilio ya ukurasa wenyewe, sehemu ya hali ya ukurasa. Dawati, yaani sisi watatu tunaoandaa habari, lina kanuni moja: rufaa haibonyezwi kutoka kwenye ujumbe, hata ukionekana wa kweli kiasi gani.

Wiki ya 2: nini kitoke

Mpango wa kwanza ulikuwa habari kumi kwa siku, nyingi za kitaifa, zikinukuliwa kutoka vyombo vikubwa. Umedumu siku nne. Habari ya kitaifa msomaji ameshaiona kwingine kabla hatujamaliza kuandika kichwa, na hana sababu ya kumtumia jirani yake kutoka kwetu. Chapisho lililotoka mkononi kwenda mkononi lilikuwa la kukatika maji: mtaa gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kwa sababu gani, na wapi karibu maji yanapatikana.

Mgawo mpya ni machapisho matano kwa siku. Mawili ni ya huduma (maji, umeme, barabara iliyofungwa, siku za chanjo), moja ni habari iliyoripotiwa na watu wetu, moja ni ufuatiliaji wa habari ya nyuma, na moja ni la shughuli za jamii kama mechi na mikutano. La kwanza linatoka saa 12:30 asubuhi, kabla watu hawajatoka. La mwisho saa 1:30 usiku. Saa hizo zikishawekwa hazichezewi. Msomaji akizoea kuwa saa 12:30 kuna jambo, atafungua mwenyewe bila kusubiri mtandao umwonyeshe.

La ufuatiliaji ndilo linalosahaulika. Daraja liliharibika, tukaripoti, limetengenezwa? Dawati lina jedwali lenye safu tatu: habari, ahadi iliyotolewa, tarehe ya kuuliza tena. Kila asubuhi safu ya tatu inasomwa kabla ya lolote.

Wiki ya 3 na 4: kadi

Tangazo la huduma linatoka kama kadi, yaani picha yenye maandishi. Ukubwa ni pikseli 1080 kwa 1350, unaojaza kioo cha simu kuliko mraba. Kichwa hakizidi maneno 12. Chini yake: mahali, muda, chanzo. Pembeni: jina la chombo na tarehe.

Tarehe lazima iwe na mwaka. Kadi ikishapakuliwa na kuingia kwenye makundi inaachana na maelezo yote uliyoyaandika chini yake. Kinachosafiri ni picha peke yake. Kadi iliyoandikwa "Jumanne maji yatakatika" hurudi kila Jumanne, na iliyoandikwa "Machi 14" hurudi mwakani. Jina la chombo nalo lisiwekwe ukingoni kabisa, maana hapo hukatwa kirahisi. Liwe karibu na kichwa, ambapo anayelikata anaharibu kadi yote.

Maneno yote ya kadi yanarudiwa kama maandishi ya kawaida kwenye chapisho. Asiyeona vizuri husomewa na simu, na simu haisomi vizuri maandishi yaliyofungwa ndani ya picha. Mwenye bando dogo hapakui picha. Tena anayetafuta "maji" kwenye mazungumzo yake wiki ijayo hataipata picha, atapata maandishi.

Wiki ya 5: kosa la saa

Barua ya kusitisha huduma iliandikwa 06:00–14:00. Kadi ikatoka "saa 6 hadi saa 2". Mwandishi alizisoma tarakimu kwa mtindo wa saa ya simu; msomaji akazisoma kwa Kiswahili, saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Muda sahihi ulikuwa saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Aliyepanga kujaza ndoo saa 3 asubuhi alikuta bomba limekauka.

Tangu hapo: barua ikiwa na saa za tarakimu nne, mtu mmoja anabadilisha, mwingine anabadilisha kivyake bila kuangalia cha mwenzake, halafu wanalinganisha. Saa haiandikwi bila alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ni dakika moja ya kazi, na kosa hili ni rahisi kutokea katika matangazo ya huduma kwa lugha yetu, hata kwa waandishi wazoefu.

Utaratibu wa kusahihisha umeandikwa wiki hiyohiyo. Kadi mpya yenye neno SAHIHISHO juu, ikitaja kilichokosewa na kilicho sahihi, inakwenda kila mahali ilipokwenda ya kwanza, ndani ya dakika 10. Kwenye mazungumzo na makundi ya WhatsApp maandishi yanaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu. Picha haihaririwi, inafutwa kwa wote, na dirisha la kufuta ni zaidi kidogo ya siku mbili. Kwenye Facebook chapisho la kosa la kawaida halifutwi, sahihisho linaandikwa mstari wa kwanza kabisa wa maandishi yake, kwa sababu waliolisambaza kwa kitufe wataonyesha maandishi mapya. Ukilifuta, kwao linabaki pengo na hawajui kulikuwa na kosa. Kosa likiwa la kumtuhumu mtu asiyehusika, hapo linafutwa mara moja, na sahihisho linatoka bila kurudia jina.

Wiki ya 6 hadi 8: WhatsApp

Hapa ndipo wiki tatu zilipokwenda, na zilistahili.

Orodha ya kutuma kwa wengi ilijaribiwa kwanza. Kikomo chake ni watu 256 kwa orodha, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Hilo la pili ndilo linalowapotosha wengi: unatuma, kwako kila kitu kinaonekana sawa, na nusu ya watu hawapati kitu. Dawa ni kumwomba kila anayejiunga ahifadhi namba kwanza, kisha atume neno moja, mfano HABARI. Akituma ndipo anaongezwa.

Kundi linapokea watu 1,024. Lina uhai kwa sababu watu wanajibu, na kwa sababu hiyohiyo linachosha. Pia kila mwanachama anaona namba za wenzake. Wanawake ndio hulalamika kwanza, wakianza kupokea ujumbe wa watu wasiowajua. Kundi la matangazo limefungwa, wasimamizi pekee wanaandika, na taratibu likahamishiwa kwenye chaneli, yaani ukurasa wa matangazo ya upande mmoja ndani ya WhatsApp.

Chaneli za WhatsApp zilisambazwa kwa nchi zaidi ya 150 mnamo Septemba 2023. Hazina ukomo kama wa kundi, na wafuasi hawaonani namba. Kasoro zake zijulikane mapema: mfuasi anaweka alama ya hisia, hajibu ndani ya chaneli, na historia kwenye seva za WhatsApp hukaa hadi siku 30, kwa hiyo chaneli isigeuzwe ghala la kumbukumbu. Arifa nazo huenda zimezimwa kwenye simu ya mfuasi, basi kila mwanzo wa mwezi kuna ujumbe mfupi unaoonyesha jinsi ya kuziwasha.

Uamuzi: chaneli kwa ajili ya kutoa, namba ya dawati kwa ajili ya kupokea, na makundi mawili madogo ya wasomaji wanaoaminika, watu 30 hadi 40 kila moja, yaliyogawanywa kwa mitaa. Makundi hayo madogo ndiyo macho ya dawati. Mtu mmoja akiandika "umeme umekatika", wengine watatu wa mtaa huo wanaulizwa papo hapo, na ndani ya dakika tano inajulikana kama ni nyumba moja, laini moja au mtaa mzima.

Chaneli haizidi ujumbe sita kwa siku. Ukipita hapo watu hawaondoki, wanazima arifa, na kwenye orodha ya wafuasi hutaona dalili yoyote.

Wiki ya 9: vipimo

Idadi ya wafuasi imeondolewa kwenye ubao wa ofisi. Inapanda tu, hata chombo kikidorora, kwa sababu asiyesoma tena hajisumbui kuondoka. Takwimu za majukwaa yenyewe zisimezwe mzimamzima: mwaka 2016 Facebook ilikiri kuwa kwa takriban miaka miwili ilionyesha wastani wa muda wa kutazama video ulio mkubwa kuliko ukweli, kwa kuwa hesabu iliacha nje waliotazama chini ya sekunde 3. Kuna vyombo vilivyokuwa vimeshahamishia watu na fedha kwenye video.

Vimebaki vipimo vitatu. Cha kwanza ni uwiano wa kusambaza: chapisho likiwafikia watu 8,000 na 160 wakalisambaza, ni asilimia 2. Linganisha chapisho na chapisho la aina yake, tangazo la maji na tangazo la maji, la sivyo namba haina maana. Cha pili ni idadi ya watu tofauti waliotuandikia kwenye namba ya dawati ndani ya wiki. Cha tatu ni cha kienyeji na ndicho tunachokiamini zaidi: chapisho la saa 12:30 likichelewa nusu saa, ni wangapi wanauliza liko wapi?

Wiki ya 11: video

Fupi, wima, 1080 kwa 1920. Sekunde mbili za mwanzo zitaje mahali na tukio. Manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, yawe mistari miwili na yasishuke sehemu ya tano ya chini ya kioo, maana hapo majukwaa huweka jina la akaunti na vitufe. Wengi hutazama bila sauti. Sauti mbovu huua mahojiano kuliko picha mbovu. Maikrofoni ya waya ya spika za masikioni, ikishikwa kifuani kwa msemaji, inashinda maikrofoni ya simu iliyo mita mbili mbali.

Wimbo maarufu chini ya habari ni njia ya haraka ya video kunyamazishwa kwa hakimiliki. Muziki hautumiki kabisa.

Matangazo ya mubashara hayafanywi kwenye ajali. Huwezi kuficha uso wa marehemu ndani ya mubashara, na ndugu hawapaswi kujua kwa njia hiyo.

Wiki ya 13: picha kutoka kwa wasomaji

Kadiri chombo kinavyojulikana, picha zinazotumwa zinaongezeka, na za uongo zinakuja pamoja nazo. Si kila anayetuma ya uongo ana nia mbaya. Wengi wametumiwa nao wakaamini. Swali la kwanza kwa mtumaji ni "umepiga mwenyewe?" Ukiona mishale miwili ya "imesambazwa mara nyingi", jibu tayari ni hapana: alama hiyo inatokea ujumbe ukishapita mikononi mara tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupelekwa kwenye mazungumzo moja tu kwa mara.

Aliyepiga mwenyewe anaombwa aitume tena kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp huikandamiza na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake: tarehe, aina ya simu, pengine mahali. Ikitumwa kama dokumenti inafika ilivyo. Wapo wanaokataa, na kukataa peke yake si ushahidi wa uongo, ila kunaongeza maswali.

Kisha picha inatafutwa kinyume, yaani picha yenyewe inatumika kutafuta ilikowahi kutokea mtandaoni, kwenye Google Lens na TinEye, zote mbili, kwa kuwa TinEye inaweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Isipopatikana, igeuzwe kushoto-kulia na itafutwe tena. Kugeuza picha ni ujanja wa kale unaowapita wengi. Video inakatwa vipande vya picha kwa nyongeza ya kivinjari ya InVID na kila kipande kutafutwa. Halafu mahali: paa, nguzo, maandishi ya mabango, umbo la barabara. Anayesema ni saa 4 asubuhi, vivuli vikubali. Mwisho ni simu kwa mtu wa pili aliye eneo la tukio, asiyemjua wa kwanza.

Kazi yote huchukua dakika 15 hadi 20. Mashindano ya kasi yanashawishi kuweka "tunafuatilia taarifa za..." huku uthibitisho ukiendelea. Tumeliacha. Ni uvumi uliovishwa nembo.

Majina ya watuhumiwa hayatoki kabla ya kusomewa mashtaka. Baada ya milipuko kwenye mbio za Boston mwaka 2013, watumiaji wa jukwaa la Reddit walimtaja kijana asiyehusika kabisa kuwa mshukiwa, na familia yake ikabeba mzigo huo ikiwa bado inamtafuta. Kosa la aina hiyo kwenye eneo dogo, ambapo kila mtu anajua nyumba ya kila mtu, ni hatari zaidi.

Kuficha namba za simu au sura: tumia kisanduku cheusi kisichopitisha mwanga. Kalamu ya rangi ya kwenye simu mara nyingi hupitisha mwanga kidogo; mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba inasomeka chini yake. Ukungu hafifu nao hautoshi.

Wiki ya 16: maoni

Saa ya kwanza baada ya habari nzito, mtu mmoja anakaa na maoni. Yanafutwa matusi ya kabila, dini au jinsia, namba za watu, na viungo vya mikopo. Yanayotukosoa hayafutwi. Swali linalojirudia linajibiwa mara moja na jibu kubandikwa juu.

Wiki ya 18: nyumba yetu wenyewe

Tovuti ndogo imefunguliwa. Sababu ziko kwenye kumbukumbu za wengine. Januari 2018 Facebook ilitangaza kuwa itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya kurasa. Mwezi uliofuata tovuti ya LittleThings ya Marekani, iliyotegemea Facebook, ilifunga milango ikitaja badiliko hilo. Agosti 2023 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilianza kuzuia habari kwenye Facebook na Instagram nchini Kanada, kutokana na sheria ya kuvilipa vyombo vya habari. Kurasa za huko ziliamka hazionekani kwa wasomaji wake. Agosti 14, 2024 Meta ilizima CrowdTangle, zana ambayo madawati mengi yaliitumia kufuatilia yanayosambaa.

Kila ukurasa wa tovuti uko chini ya kilobaiti 500, pamoja na picha. Picha ya utambulisho, ile inayotokea kiungo kikitumwa, ni 1200 kwa 630. Ukiibadilisha baada ya kuchapisha, Facebook itaendelea kuonyesha ya zamani iliyoihifadhi hadi uipitishe kwenye zana yao ya kukagua viungo. Dawati lilidhani tovuti imeharibika, kumbe ni hilo tu.

Kila njia ina kiungo chenye alama yake: utm_source=whatsapp kwa chaneli, utm_source=facebook kwa ukurasa. Bila alama, wengi wanaotoka WhatsApp huhesabiwa kama waliokuja moja kwa moja, na utaamini Facebook inakuletea watu wote.

Wiki ya 22: matangazo ya kulipia

Yanauzwa kwa nafasi na siku, si kwa wafuasi. Neno TANGAZO linakaa juu ya kadi kwa ukubwa uleule wa kichwa, na si zaidi ya moja kwa machapisho sita. Malipo kabla ya kutoka. Kazi inayomtaka mwombaji atoe ada kwanza haipokelewi, wala mikopo ya "dakika tano". Msomaji akitapeliwa kupitia kwetu, hatakumbuka jina la tapeli.

Mteja mmoja alitaka habari moja iondolewe ili alipie mwezi mzima. Amerudishiwa alichotanguliza. Makubaliano sasa yana mstari unaosema tangazo halinunui wala halizuii habari, na mteja anausaini kabla ya kuonyeshwa nafasi zilizopo.

Wiki ya 26: kilichopo, kilichobaki

Chaneli ndiyo inayobeba matangazo ya huduma, Facebook ndiko kwenye mabishano, Instagram inasuasua na huenda ikapunguzwa hadi chapisho moja kwa siku. Jedwali la ufuatiliaji lina ahadi ambazo muda wake umepita, zinachambuliwa Jumamosi. Masahihisho yote yamewekwa kwenye ukurasa mmoja wa tovuti, yakiwa na tarehe.

Kadi ya asubuhi bado inategemea mtu mmoja, na akiugua haitoki. Wiki ya 27 mtu wa tatu anaanza zamu hiyo: anafika saa 11:30 alfajiri, anasoma barua, anabadilisha saa kwa karatasi, na mwenzake anabadilisha kivyake upande wa pili wa meza.